Nyuso za Wagema: Mfululizo Ulionibadilisha Namna ya Kuchora

Nimeishi kwa rangi tangu nilipomaliza shule, hapa hapa Iringa mjini, kwanza nikiwa mchora mabango ya saluni, bucha na maduka ya vifaa vya ujenzi, kisha nikiwa mchoraji wa picha za watu kwa oda. Ninachoeleza hapa ni kazi ya miaka ya karibuni, yaani mfululizo wa picha za sura za wagema wa ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, wa wilaya ya Kilolo, kwa sababu ndiyo kazi iliyonilazimu kuachana na karibu kila mbinu niliyoizoea. Vijana wanaochora sura huniuliza mara kwa mara ninatumia rangi gani kwa ngozi, wakiamini kwamba jibu limo ndani ya tyubu. Jibu ni refu kidogo, nalo linaanzia mbali na tyubu.

Rangi ya mabango ni rangi ya mafuta ya kopo, ile ile inayopakwa kwenye mageti na madirisha. Hung'aa, hutengeneza ngozi ngumu juu kabla ya kukauka ndani, na haivumilii kuchezewa muda mrefu, kwa hiyo fundi hujifunza kupanga eneo la rangi moja kando ya eneo la rangi nyingine bila kuyayeyusha mipakani. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alichora Dar es Salaam kwa rangi ya namna hiyo juu ya mbao za dari kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi alipofariki mwaka 1972, na mimi naamini kwamba sehemu kubwa ya uzuri wa mtindo wake imetokana na kukubaliana na tabia ya rangi yenyewe. Kwa chui na ndege, ukali huo wa mipaka ni neema. Uso wa mzee wa miaka sabini hauna mipaka ya namna hiyo. Shavu huingia kwenye taya bila kuaga.

Picha za oda nazo zilikuwa na sheria zake. Mteja hutuma picha ya simu, mara nyingi iliyopigwa nje mchana, anga jeupe likiwa nyuma ya kichwa, na kwa kuwa kamera hujirekebisha kwa kufuata mwanga mwingi ulio mbele yake, uso hubaki kama shimo lenye macho na meno. Kanuni ya vibanda vya wachoraji ni kuanza na kahawia, kuongeza nyeusi penye kivuli na nyeupe penye mwanga, na mteja huridhika kwa sababu anaona kufanana. Mimi pia niliishi kwa kanuni hiyo na haikunilaza njaa. Lakini nyeupe ikiingia kwenye kahawia huipoza na kuifanya iwe na rangi ya majivu, na nyeusi huua joto la kivuli, hivyo ngozi ya mtu aliye hai hufanana na ngozi ya mtu aliyetoka kuumwa.

Nilichagua wagema kwa sababu mbili, na ya kwanza ni ya kawaida kabisa: nilikuwa nikiwafahamu, kwa kuwa nilikulia miongoni mwao. Ya pili ni kwamba katika uchoraji wetu mtu wa kazi huonekana zaidi akiwa katika kundi. Sam Ntiro, aliyesoma na kufundisha Makerere na baadaye kuiwakilisha nchi yetu London, alitujengea picha za vijiji zenye watu wakilima, wakivuna na wakijenga pamoja, na katika picha hizo mwili na kazi vinazungumza kuliko uso. Ninazipenda sana. Nilitaka tu kusogea karibu zaidi, nimwone mmoja mmoja.

Ulanzi hugemwa wakati wa mvua. Mgema hukata ncha ya chipukizi la mwanzi, hutegesha mbeta, yaani chombo cha mwanzi cha kukingia, chini yake, kisha hurudi asubuhi na jioni kuuchonga upya mkato ili utomvu usikome kutiririka. Ratiba hiyo ndiyo iliyopanga ratiba yangu. Mgema huwa na nafasi baada ya mzunguko wa asubuhi na kabla wanunuzi hawajaja, muda ambao kwa bahati njema ukifika urefu wa saa moja na nusu umshukuru Mungu. Baada ya salamu za kamwene, habari za nyumbani na kikombe cha ulanzi mtamu wa asubuhi ambacho ni utovu wa adabu kukikataa, muda wenyewe unakuwa umepungua. Wingu ni zito, mwanga ni laini na hauna upande, na hewa ina unyevu wa kutosha kulegeza kila kitu kilichonyooshwa.

Kilicholegea kwanza ni kitambaa. Wengi wetu huku hunyoosha amerikani kwenye fremu na kuipaka gundi na rangi nyeupe ya ukutani, na wakati wa kiangazi inakaza vizuri kama ngoma. Kwenye unyevu wa Kilolo pamba hulegea, brashi inazama, na mstari wa pua unayumba. Nilihamia kwenye plaiwudi za Mafinga, ambazo hazikosekani huku kwa kuwa msitu wa Sao Hill uko jirani, nikawa nazikata vipande vya ukubwa mmoja na kuzipaka rangi ya msingi pande zote mbili, mbele na nyuma. Upande wa nyuma ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, maana ubao uliopakwa upande mmoja tu hunywa unyevu upande wa pili na kujikunja.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyobadilisha picha zenyewe. Juu ya msingi mweupe kila rangi nzito huonekana nyeusi kuliko ilivyo, na mchoraji, akiogopa, huanza kuipunguza uzito kwa nyeupe, nayo majivu yanarudi. Nilihitaji msingi wenye rangi ya kati, wenye joto, na udongo wa huku ulikuwa mbele ya macho yangu kila siku kwenye kingo za barabara. Namna ninavyouandaa ni hii: huchimba chini ya tabaka la juu lenye mizizi, huuloweka udongo kwenye ndoo na kuukoroga kwa nguvu, huacha kwa muda mfupi mchanga utuame, kisha humimina yale maji mekundu kwenye ndoo ya pili. Hurudia hivyo mpaka chini kusibaki chembe inayokwaruza kati ya vidole. Maji ya mwisho huyaacha yatulie hadi yawe meupe juu, huyamwaga, na tope linalobaki hulianika, hulisaga kwa jiwe na kulichekecha kwa kitambaa cha kanga iliyochakaa. Unga unaopatikana, ukichanganywa na gundi ya akriliki, gundi ya plastiki inayochanganyika na maji, hutoa wekundu wa kahawia ambao haupauki juani, kwa kuwa kinachoupa rangi ni kutu ya chuma, kitu kile kile kinachouzwa kwenye tyubu za rangi za udongo kwa bei ya kuumiza. Michoro ya kale iliyoko kwenye mwamba wa Igeleke, pembeni ya mji wetu, ni myekundu pia, na sikuona sababu ya kuagiza wekundu kutoka ng'ambo.

Msingi huo ukishakauka, nusu ya ngozi imekwisha kuchorwa kabla mwenye uso hajakaa. Sehemu za kivuli huziacha zionekane kupitia utando mwembamba wa rangi, na kazi ya mkono inabaki kwenye mwanga na kwenye kiza kizito kabisa.

Niliyojifunza kuhusu ngozi nyeusi yanatokana na kuitazama kwenye mwanga wa wingu. Ngozi ya aina yoyote hurudisha mwanga kwa njia mbili: sehemu huingia ndani na kutoka ikiwa imebeba rangi ya ngozi, na sehemu hugonga juu na kurudi bila kubadilika. Ngozi nyeusi humeza mwanga mwingi kati ya ule unaoingia, lakini ule wa juu hurudi kama kawaida, na ndiyo maana mng'ao kwenye paji la uso wa Mhehe hujitokeza kuliko kwenye uso wa Mzungu. Mng'ao huo hauna rangi ya ngozi. Una rangi ya kile kinachoangaza. Mzee mmoja alikaa kwenye kigoda chini ya mianzi yake, na nilipomtazama kwa makini niliona paji la uso lenye kijivu cha bluu kilichotoka kwenye wingu, chini ya taya kijani hafifu kilichopigwa na majani na nyasi, na kando ya pua, pale ambapo mwanga haukufika, wekundu mzito kama wa kuni inayofifia. Kahawia yenyewe ilikuwa sehemu ndogo tu, ukanda mwembamba kwenye shavu. Nilimwambia kwamba uso wake una rangi nyingi kuliko duka la rangi. Alicheka akanijibu, "Mwanangu, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Chora kwanza."

Kwa hiyo nyeusi nimeiondoa kwenye paleti, kibao changu cha kuchanganyia rangi. Kiza kizito hukipata kwa kuchanganya bluu ya ultramarini na kahawia nyekundu ya sienna iliyochomwa, na faida yake ni kwamba mchanganyiko huo hupinda upande wowote ninaoutaka, bluu ikizidi kiza kinapoa, kahawia ikizidi kinapata joto. Nilipata pia kujaribu rangi nne za Anders Zorn, mchoraji wa Sweden aliyefariki mwaka 1920, ambaye kwa picha nyingi za watu alitosheka na nyeupe, njano ya udongo, nyekundu na nyeusi, hiyo nyeusi ikishika nafasi ya bluu. Ni shule nzuri ya nidhamu na ninawashauri vijana waipitie. Kwa nyuso zangu haikutosha, kwa sababu bluu ya wingu la Kilolo juu ya paji la uso ni bluu kweli kweli, na nyeusi iliyochanganywa na nyeupe haifiki hapo.

Swali la kukauka lilinisumbua kuliko la rangi. Rangi za mafuta ya kitani hazikauki kwa maji kupotea hewani. Hukauka kwa mafuta kushikana na oksijeni, na baridi huichelewesha kazi hiyo. Katika nyanda hizi, picha iliyoanza mwezi wa tatu inaweza kuingia kwenye baridi ya mwezi wa sita ingali inanata. Nilichofanya ni kugawa kazi. Kikao cha kwanza mbele ya mgema nilikifanya kwa rangi ya akriliki, ambayo hukauka wakati tunaendelea kuzungumza, nikiweka umbo na mpangilio wa mwanga tu. Kikao cha pili nilikifanya kwa rangi za mafuta juu ya akriliki hiyo, tabaka za chini zikiwa na tapentaini zaidi na za juu zikiwa na mafuta zaidi, ili juu isikauke mapema na kupasuka. Utaratibu huo hauwezi kugeuzwa, kwa kuwa akriliki haishiki vizuri juu ya mafuta. Kwa tabaka za mwanzo nilipenda kahawia ya amba (umber), rangi ya udongo ambayo hukauka haraka kwa sababu ina manganizi. Nyeupe ya titani huchelewa, nami niliiweka mwisho na kwa uchache.

Mfululizo wenyewe nao ulinifundisha kitu ambacho picha moja isingenifundisha. Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya kumi na saba, alijichora uso wake kwa miaka takribani arobaini, na mtu akizipanga picha zile anaona mkono ukibadilika hata kuliko uso: mwanzoni laini na wa kujionyesha, mwishoni rangi nene zilizokwanguliwa kama ukuta wa zamani. Nilipozipanga picha zangu ukutani, zote za ukubwa mmoja na macho yakiwa kwenye usawa mmoja, niliona wagema watatu tofauti wakiwa na mdomo ule ule, mdomo wa picha za oda, uliofungwa kwa heshima. Tangu hapo huanza uso kwa mdomo, mwenye uso akiwa bado anazungumza, na macho huyafuata baadaye. Ni kinyume cha nilivyofundishwa, na sidai kwamba kila mtu afanye hivyo, ila kwangu umri wa mtu umo zaidi kwenye pembe za mdomo kuliko kwenye makunyanzi ya paji la uso.

Kuhusu malipo tulikubaliana mapema, jambo ambalo wachoraji wengi hulikwepa. Nililipa muda wa mgema kwa kiasi kisichopungua kile ambacho angepata sokoni kwa saa zile, na kila mmoja nilimpa nakala iliyochapwa ya picha yake, kwa kuwa ubao wenyewe unabaki kwangu mpaka mfululizo ukamilike. Mke wa mgema mmoja aliitazama nakala, akasema mume wake amechorwa vizuri lakini shati lile alishamwambia alitupe.

Sasa bodi ziko kwenye chumba cha nyuma, zikiwa zimesimamishwa kwa kuachiana nafasi ili hewa ipite. Vanishi bado, kwa sababu rangi za mafuta huhitaji miezi sita hadi mwaka kabla ya kufunikwa, na baridi yetu inanifanya nihesabu mwaka mzima. Bodi mpya zimeshapakwa udongo pande zote, zinasubiri mvua na chipukizi za mianzi.