Mfuo Mmoja, Mifuo Mitatu: Chavua za Kale na Asili ya Maua

Nyuma ya nyumba yetu kuna mnazi mmoja na mwembe mmoja, na kwa miaka mingi niliiona kuwa ni miti miwili jirani tu, mmoja wa kutupatia nazi na mwingine wa kutupatia kivuli. Siku niliyoazima hadubini na kutandaza chavua ya kila mti juu ya kioo chake, niliona tofauti ambayo macho matupu hayawezi kuifikia. Chembe ya chavua ya mnazi ni ya mviringo uliorefuka kidogo, na juu yake umepita mfuo mmoja, kama ule ulio kwenye kokwa ya tende. Chembe ya mwembe ina mifuo mitatu iliyopangwa kuizunguka kwa umbali ulio sawa, na katikati ya kila mfuo pana kitundu. Nilizitazama chembe hizo kwa muda mrefu, na tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu chavua za kale, kwa kuwa safari ya kutoka mfuo mmoja hadi mitatu imeandikwa ndani ya miamba, na sehemu muhimu ya maandishi hayo ilipatikana barani Afrika.

Mfuo ndio mlango wa chembe. Chavua inapotua juu ya stigma, yaani sehemu ya kike inayopokea chavua, ya ua linalofaa, hunyonya unyevu, ukuta wake hutanuka, na kupitia sehemu hiyo nyembamba hutokeza mrija unaopeleka mbegu za kiume hadi kwenye yai. Inapokauka safarini, chembe hujikunja kwa kufumba mfuo wake ili maji yaliyomo yasipotee. Chembe yenye mfuo mmoja ikiangukia upande usiofaa, mlango wake huwa mbali na stigma. Yenye mifuo mitatu, vyovyote itakavyotua, mlango mmoja utakuwa karibu. Hayo ndiyo maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu faida ya mifuo mitatu, nami nayaona kuwa ya busara, ingawa faida iliyopatikana zamani hiyo haiwezi kupimwa moja kwa moja.

Inashangaza kwamba kitu kidogo hivyo, ambacho kwa kawaida hakifiki hata nusu ya unene wa unywele, kinaweza kudumu kwa zaidi ya miaka milioni mia moja. Siri yake imo katika ukuta wa nje, uliojengwa kwa sporopolenini, ambayo ni miongoni mwa dutu ngumu kuharibika kuliko zote zinazotengenezwa na viumbe hai. Wataalamu huchukua gramu chache za mwamba wa matope yaliyoganda, wakayeyusha chokaa yake kwa asidi ya hidrokloriki, kisha wakayeyusha mchanga na udongo kwa asidi ya hidrofloriki, ambayo hula hata kioo na ambayo ikigusa ngozi hupenya hadi mfupani. Mwamba wote huondoka na chavua hubaki. Petali haina kinga ya namna hiyo: huoza ndani ya siku chache, na ndiyo maana visukuku vya maua ni adimu ilhali vumbi lao limejaa katika mashapo ya maziwa na bahari.

Charles Darwin hakuwa na vumbi hilo mkononi. Mwaka 1879, katika barua kwa rafiki yake Joseph Hooker, aliuita ujio wa ghafla wa mimea ya maua kuwa fumbo la kuchukiza, kwa sababu visukuku vya majani vilivyojulikana wakati huo vilionyesha kana kwamba mimea hiyo imetokea duniani ikiwa tayari imekamilika na ya aina nyingi. Ilichukua karibu miaka 80 kabla ya chavua kuanza kulifumbua. Mwaka 1958 mtaalamu R. A. Couper alieleza chembe kutoka katika miamba ya Uingereza ya Kretasi, kipindi cha mwisho cha dinosaria, akaipa jina Clavatipollenites hughesii. Ilikuwa na mfuo mmoja, na ilifanana na chavua ya Ascarina, jenasi ya miti na vichaka inayoota New Zealand na katika visiwa vya Pasifiki.

Hapa msomaji wa pwani anaweza kuuliza swali la haki. Mtapo nao, ule mmea wa kale wenye majani makavu kama ya mchikichi, una chavua ya mfuo mmoja, wala hautoi ua hata kidogo. Je, mfuo mmoja unathibitisha nini? Peke yake hauthibitishi chochote. Kinachotofautisha ni ukuta. Ukikata ukuta wa chembe ya mtapo na kuutazama kwa hadubini ya elektroni, utaona vyumba vidogo vilivyosongamana kama sega la nyuki. Katika mimea mingi ya maua utaona sakafu, nguzo zilizosimama juu yake, na paa juu ya nguzo hizo, na mara nyingi paa lenyewe lina matundu kama wavu. Chembe ya Couper ilikuwa na nguzo. Baadaye Norman Hughes na wenzake wa Cambridge walizichunguza kwa hadubini ya elektroni chembe nyingi za namna hiyo kutoka katika visima vya kusini mwa Uingereza, na kazi hiyo ya subira imenifundisha kwamba umbo la nje pekee halitoshi kuitambulisha chembe.

Chavua za kale zaidi ambazo wataalamu wengi wanakubali kuwa ni za mimea ya maua zina umri wa karibu miaka milioni 135. Ni chache sana, zimetawanyika katikati ya chavua nyingi za misonobari na jamaa zake na spora nyingi za kangaga, na baadhi yake zilipatikana Israel, ambako Gilbert Brenner alieleza hata chembe zisizo na mfuo wowote.

Sura ninayoipenda kuliko zote, hata hivyo, inatoka Gabon na Kongo. Kampuni za mafuta zilipochimba visima katika pwani hiyo, keekee ya kuchimbia ilisaga kila kisukuku kikubwa, lakini chavua zilipita bila kudhurika, na wanajiolojia wakazitumia kutambua umri wa kila tabaka. Mwaka 1977 Mmarekani James Doyle, pamoja na Biens, Doerenkamp na Jardiné, alichapisha uchambuzi wa chavua za visima hivyo. Matabaka hayo yaliwekwa wakati Afrika na Amerika Kusini zilipokuwa zinaachana, penye bonde la ufa lililojaa maziwa kabla ya bahari ya Atlantiki kuingia. Chini zilikuwepo chembe za mfuo mmoja zenye nguzo. Juu kidogo, karibu miaka milioni 120 iliyopita au zaidi, zikatokea za mifuo mitatu. Katika miamba ya Potomac huko Maryland na Virginia nchini Marekani, ambayo Doyle aliichunguza pamoja na Leo Hickey, mfuatano ni uleule, lakini mifuo mitatu inachelewa kwa miaka milioni kadhaa, na baada yake zinafuata chembe zenye mifuo na vitundu, kama za mwembe wangu. Picha inayojitokeza ni ya mimea ya maua iliyostawi kwanza karibu na ikweta, kisha ikaenea taratibu kuelekea ncha za dunia.

Kutoka Gabon ilitoka pia Walkeripollis, chembe nne zilizoshikana pamoja kama zilivyo katika Winteraceae, jamii ya miti na vichaka vya maua. Leo jamii hiyo haioti popote katika bara la Afrika, bali imebaki na spishi moja nchini Madagaska na nyinginezo Amerika na upande wa Pasifiki. Chembe hizo nne zinaonyesha kwamba ndugu zake waliwahi kuishi huku.

Uzao wa mifuo mitatu sasa unashika karibu robo tatu ya mimea yote ya maua: maharage, mkahawa, mkarafuu, mpamba. Mnazi ulibaki na mlango wake mmoja, na haukupungukiwa na kitu.

Pamoja na mapenzi yangu kwa chembe hizi, lazima niseme kwamba haziwezi kusema kila kitu. Mwaka 1991 Pedersen na wenzake walieleza tunda dogo kutoka Maryland, wakaliita Couperites, ambalo juu ya stigma yake zilikuwa zimenata chembe za aina ya Clavatipollenites. Ungetegemea tunda hilo liwe la jamii ya Ascarina, lakini mbegu yake imegeuka ndani ya tunda kwa namna ambayo jamii hiyo haina. Chavua ileile, mmea tofauti.

Ndiyo maana nasita mbele ya dai kubwa la mwaka 2013. Peter Hochuli na Susanne Feist-Burkhardt walieleza chembe zinazofanana na za mimea ya maua kutoka katika visima viwili vya kaskazini mwa Uswisi, ndani ya miamba ya Triasi yenye zaidi ya miaka milioni 240. Picha zao ni nzuri na kazi yao ni ya uangalifu. Wavu unaonekana, na nguzo zinaonekana. Lakini kati ya chembe hizo na zile za Kretasi kuna pengo la zaidi ya miaka milioni 100, na mojawapo ya aina walizozitaja, Afropollis, bado inabishaniwa kama ilitoka kwenye ua hata katika Kretasi yenyewe. Wanaopima umri wa mimea kwa vinasaba mara nyingi hupata tarehe za kale kuliko visukuku, kwa hiyo dai hilo halistahili kutupwa. Mimi nitalikubali siku chembe kama hizo zitakapopatikana ndani ya chavulio lililoshikamana na ua, kama yale maua madogo yaliyogeuka makaa ambayo Else Marie Friis na wenzake wameyachambua kutoka Ureno, yenye ukubwa wa milimita chache, yakiwa bado yamebeba chavua yake.