Mahameli, 5CB na wiki tatu za slaidi mbaya

Mradi wangu wa mwaka wa mwisho wa fizikia ulikuwa mdogo kwenye karatasi: kuzilaza molekuli za fuwele kiowevu (kimiminika ambacho molekuli zake hujipanga kama za fuwele) upande mmoja katikati ya vioo viwili. Nilipewa 5CB, aina mojawapo ya fuwele kiowevu. Kwenye joto la chumba huwa nematiki, yaani molekuli zake zenye umbo la kijiti hutiririka kama mafuta huku zikielekea upande mmoja. Ikifika nyuzi 35 za Selsiasi, mpangilio huo huvunjika. Kwa Dar ya Februari, 35 si mbali.

Kioo kisichopakwa kitu hakiziambii zielekee wapi. Nilipoiweka 5CB kati ya vioo vya aina hiyo chini ya hadubini, katikati ya polaraiza mbili (vichujio vya mwanga) zilizowekwa msalaba ili mwanga usipite mpaka kitu kilicho katikati kiugeuze, niliona mabaka na nyuzi nyeusi zilizojisokota. Neno nematiki lenyewe limetokana na Kigiriki cha "uzi". Siku hiyo nilijua kwa nini.

Nikapaka vioo utando mwembamba wa polivinili alkoholi, nikakausha, nikasugua kwa kitambaa cha mahameli, upande mmoja tu bila kurudi nyuma. Kusugua hunyoosha minyororo ya molekuli za utando na kuacha vijifereji. Molekuli zinazogusa uso hulala kuvifuata, kwa sababu kuvikata kungezipinda, na kupinda kunagharimu nishati. Jirani zao huiga, na jirani wa jirani, hadi katikati. Nikavifunga vioo, mistari ya kusugua ikiwa sambamba, nikajaza. Michirizi! Safari hii ilifuata njia ambayo kimiminika kilipitia.

Fundi wa maabara, mzee wa maneno machache, akachungulia. "Umejaza ikiwa baridi, binti. Ipashe kwanza."

Nikapasha kila kitu hadi nyuzi 40, ikanyonywa yenyewe katikati ya vioo, nikaiacha ipoe taratibu. Nikazungusha slaidi: giza totoro, mwanga mkali kwenye pembe ya 45, giza tena kwenye 90. Safi, pembe hadi pembe.

Kwa tamaa nikajaribu lesithini ya soya badala ya mahameli. Hiyo husimamisha molekuli wima juu ya kioo. Slaidi ikawa giza kila nilivyoizungusha, nikadhani taa ya hadubini imeipasha ikapita 35. Nikaibonyeza kidogo kwa kibano. Ikamweka, kisha giza likarudi: mpangilio haukuwa umevunjika, molekuli zilikuwa zimesimama tu.