Mstari wa tofauti ulivyonifungulia mifuatano ya namba

Nikikutana na mfuatano wa namba, kabla ya kutafuta kanuni yoyote, naandika chini yake tofauti kati ya kila namba na inayoifuata. Zoezi hili dogo ndilo lililonifanya niielewe mifuatano.

Chukua 7, 11, 15, 19. Chini yake nitaandika 4, 4, 4. Tofauti haibadiliki, kwa hiyo namba iliyo nafasi ya 100 naipata bila kuziandika zote: kutoka nafasi ya 1 hadi ya 100 kuna hatua 99, na kila hatua ni 4. Jibu ni 7 + 396, yaani 403. Hatua hizo 99 ndizo zilizonionyesha kwa nini kanuni ya vitabuni ya kupata namba iliyo nafasi ya n ina n – 1.

Utamu zaidi niliuona kwenye 3, 8, 15, 24, 35. Tofauti zake ni 5, 7, 9, 11. Zinapanda, ila kwa utaratibu, basi nikashuka mstari mmoja zaidi: 2, 2, 2. Sasa tazama namba za mraba, 1, 4, 9, 16, 25: tofauti zake ni 3, 5, 7, 9, na mstari unaofuata nao ni 2 tupu. Kumbe ndani ya mfuatano wangu kuna mraba wa nafasi! Nikauondoa: 3 toa 1 ni 2, 8 toa 4 ni 4, 15 toa 9 ni 6, 24 toa 16 ni 8. Kilichobaki ni nafasi mara mbili, na kanuni ikawa n² + 2n. Kwenye nafasi ya 5 inatoa 25 + 10, ambayo ni 35 kweli.

Mifuatano ya kuzidisha, kama 2, 6, 18, 54, hujitambulisha yenyewe: tofauti ni 4, 12, 36, nazo pia zinazidishwa kwa 3. Nikiona hivyo naacha kutoa, nagawanya.

Lakini swali lililonikomaza ni la duara. Weka nukta kwenye ukingo wake, ziunganishe zote kwa mistari iliyonyooka, bila mistari mitatu kukutana mahali pamoja ndani, kisha hesabu vipande. Nukta 1 hadi 5 hutoa vipande 1, 2, 4, 8, 16. Nani hatasema kinachofuata ni 32? Nilichora nukta 6 na kuhesabu kwa makini: 31.

Nikaandika tofauti: 1, 2, 4, 8, 15. Chini yake 1, 2, 4, 7. Kisha 1, 2, 3. Mwisho 1, 1. Namba tano za mwanzo zilikuwa zinakubali kanuni mbili tofauti, na kwa kuzitazama tu huwezi kuamua ipi ni ya kweli. Kwa maoni yangu, hili lingefaa kufundishwa mapema sana. Cha kuamua ni chanzo cha namba zenyewe, nami nikakitafuta kwenye mchoro. Kila mstari mpya huongeza kipande kimoja, pamoja na kimoja kwa kila mstari unaoukata. Kwa hiyo vipande vyote ni 1, jumlisha idadi ya mistari, jumlisha idadi ya mahali inapokatana. Nukta 6 zina mistari 15, na kwa kuwa kila nukta 4 hutoa mkato mmoja, mikato nayo ni 15. Jumla ni 31.

Kwa nukta 7 nilitumia njia zote mbili. Mstari wa mwisho wa tofauti ukiendelea kuwa 1, kupanda juu kunatoa 57. Mchoro nao una mistari 21 na mikato 35, na ukiongeza 1 ni 57.