Masako Natsume na mambo ya nywele

Siku hizi Masako Natsume, mwigizaji wa Kijapani, hanitoki akilini. Nimekuwa nikitazama vipindi vya zamani vya Saiyuki, tamthilia ya televisheni ya Japani iliyorushwa kati ya 1978 na 1980. Anaigiza Sanzo, mtawa wa kiume wa Kibudha anayetoka China kwenda India kufuata maandiko matakatifu. Kipara, joho, farasi mweupe. BBC waliiweka kwa Kiingereza, na Waingereza na Waaustralia wa rika fulani bado wanamkumbuka kwa kipara kile.

Ninachopenda zaidi ni pale nyani mkorofi anayesafiri naye anapopitiliza. Sanzo hapandishi sauti. Anafumba macho, anaunganisha viganja, anasoma dua chini chini, na ule mkanda wa dhahabu kichwani mwa nyani unaanza kubana mpaka mbabe mzima anagaagaa vumbini akiomba msamaha. Uso wa Natsume umetulia tuli, ila ukimtazama vizuri unaona huruma. Wenzake wote wanapiga kelele, na bado macho yanakwenda kwake.

Alizaliwa Tokyo mwaka 1957. Jina lilianza kuvuma 1977 kwa tangazo la vipodozi vya Kanebo lililopigwa Tunisia (kumbe jangwa lile ni la kwetu Afrika!), na wengi wakamhesabu kuwa sura nzuri basi. Filamu ya Onimasa ya mwongozaji Hideo Gosha, 1982, ikawafunga midomo. Humo ni binti wa kulea wa bosi wa genge, na pale anapowageukia ndugu wa marehemu mumewe na kuwafokea wasimchezee, mwili unasisimka. Alipata tuzo ya filamu ya Japani iitwayo Blue Ribbon, ya mwigizaji bora wa kike. Mwaka 1984 akawa mwalimu wa kisiwani anayewaundia watoto timu ya besiboli baada ya vita, katika filamu ya Masahiro Shinoda. Mwigizaji Ken Watanabe alianzia sinema humo humo. Watanabe miaka michache baadaye alipatwa na saratani ya damu, akapona.

Natsume naye alipatwa na saratani ya damu, ila hakupona. Februari 1985 aliugua akiwa katikati ya maonyesho ya jukwaani, na tarehe 11 Septemba akafariki, miaka 27, mwaka mmoja tu baada ya kuolewa.

Dawa zilimnyonyoa nywele. Mama yangu mdogo naye alipoanza kemo alilia nywele kuliko alivyolilia ugonjwa, na wigi tulilomnunulia Kariakoo lilikuwa ghali, tena la joto. Ndiyo maana habari ya Mfuko wa Himawari, yaani alizeti, imenigusa kuliko filamu zote. Familia ya Natsume iliuanzisha 1993 kuwaazima mawigi wagonjwa waliopoteza nywele kwa matibabu. Hawakutozwa hata senti. Nywele zikiota, wigi lilirudishwa, akapewa mwingine.