Sekunde Mbili za Jirani

Neno la juma hili: "Kila mtu asiangalie mambo yake mwenyewe, bali kila mtu aangalie mambo ya wengine" (Wafilipi 2:4).

Bwana asifiwe, wapendwa. Tunaoendesha magari Dar es Salaam tunapimwa kwa neno hili kila asubuhi kwenye mataa, iwe Mwenge au Morocco, na wengi wetu tukifika pale dini huwa tumeiacha nyumbani.

Taa ikiruhusu, gari la kwanza hupoteza kama sekunde mbili kuondoka, kisha magari hupita moja kila sekunde mbili hivi. Kwa kijani ya sekunde 30, leni moja hupitisha magari kama 14. Sasa wewe uliye mbele unamalizia kujibu meseji. Sekunde nne zimekwenda. Wewe utapita tu. Wa 13 na wa 14, ambao hata kwenye kioo huwaoni, watasubiri nyekundu nzima kwa ajili yako, na hakuna atakayekudai maelezo.

Kosa zito zaidi ni kuingia katikati ya makutano huku mbele pamejaa. Kabla ya kuvuka mstari mweupe tazama ng'ambo: gari dogo linahitaji mita 5 au 6 zilizo wazi, Coaster kama 8. Kama hazipo, baki nyuma ya mstari, hata daladala la nyuma lipige honi mpaka lichoke. Ukikwama katikati, taa hubadilika, wa upande wa pili nao husogea kukubana, na baada ya mizunguko michache pande zote zimefungana mpaka trafiki aje kufungua kwa mkono. (Akishafika, fuata mkono wake, hata taa ikisema vingine.)

Wanaotanua pembeni kisha wakaja kuchomekea wanaudhi, hilo halina ubishi. Kumpisha mmoja kunakugharimu zile sekunde mbili. Ukiwapisha watano, ukarimu ni wako lakini wanaolipa ni walio nyuma yako.

Furaha nazo zipo: mataa mawili mfululizo kukupokea na kijani, au uliyempisha kuwasha hazadi kukushukuru. Kwenye maombi foleni tunaitaja sana, haya hatuyataji.

Juma hili simu ikae mbali na mkono kabla ya kuwasha gari. Ukiwa wa kwanza kwenye mstari, gia iwe tayari, lakini tazama kulia na kushoto kwanza, maana bodaboda wa mwisho huwa bado anavuka.