Mtoto wa nuksi

Juzi tunachambua karafuu ukumbini, vidole vishakuwa vyeusi na nyumba nzima inanukia, mwanangu akaniuliza: "Mama, nuksi ni nini?" Kalisikia chuoni, wanakosoma Kurani, mwenzake kaitwa hivyo. Konyo likabaki mkononi mwangu.

Mimi neno hilo nililizoea kabla sijajua maana yake. Mama alifariki siku niliyozaliwa, na baba naye hakumaliza mwaka. Kwetu Tumbe, kisiwani Pemba, watu wanaishi kwa bahari, na wapo wavuvi ambao wakikutana asubuhi na mtu wasiyemtaka, hurudi ndani. Mtu huyo nilikuwa mimi. Hakuna aliyenifukuza. Nilijizoeza mwenyewe kungoja vyombo vishike njia, ndipo nichukue ndoo niende kisimani. Nikafika miaka 19 kwa mwendo huo. Posa yangu ilipovunjika, hata sikushangaa.

Ramadhani ya mwaka ule, baada ya tarawehe, shangazi aliniita nimsomee msahafu wake wenye tafsiri ya Kiswahili, ile ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy. Macho yake hayakuweza tena mwanga wa kandili. Tukafika sura ya Wadh-dhuha. Aya 11, nimezihifadhi tangu mdogo, nikazipitia mbio.

"Usikimbie, mwanangu. Soma moja, kisha usome maana yake."

Akaweka kidole chini ya aya ya 3. Hina ilikuwa imebaki nusu ya ukucha. Mola wako hakukuacha wala hakukasirika nawe. Nikasoma, kidole hakikuondoka. Nikasoma tena. Ya 6: kwani hakukukuta yatima akakupa makazi? Hapo sauti ilinikatika. Kwamba Mtume alifiwa na baba yake yungali tumboni, na akafiwa na mama yake alipokuwa na miaka 6, niliyajua tangu utotoni, kwenye maulidi. Sikupata hata siku moja kuyaweka karibu na yangu. Na wahyi ulipokatika kwa muda, Makka walisema Mola wake kamtupa. Jibu lao lilikuwa pale, juu ya kidole cha shangazi.

"Wewe nani kakwambia umetupwa?" akauliza. Kisha akanieleza: Waarabu wa zamani wakimrusha ndege, akielekea kushoto hawasafiri, na Mtume akaikataza itikadi hiyo. "Na sisi mpaka leo tunasema ndege mbaya."

Asubuhi nilitoka na ndoo, vyombo bado vimo pwani. Mzee mmoja alikuwa akiteremka na pondo begani. Miguu iliniwia mizito, lakini sikurudi.

"Sabalkheri, mwanangu."

"Akheri, babu."

Akapita. Sikuuliza siku ile walipata nini.

Hayakuniondoka yote. Zipo asubuhi nasimama mlangoni, naanza Wadh-dhuha taratibu, aya moja, maana yake, ndipo nivuke kizingiti.

Mwanangu nilimwambia tuimalize kwanza pishi ile ya karafuu, kisha alete msahafu. Tulipomaliza, kashalala juu ya jamvi.