Mniachie vidumu vyangu

Tangu watu wa nyumbani wajue nina osteoporosisi, ugonjwa wa mifupa kupungua na kuvunjika kirahisi, sishiki kitu. Nikisogelea ndoo, kijana wangu ameshaipokonya. Nikiinuka nifagie uwanja, mume wangu anapaza sauti kutoka sebuleni: "Mama Neema, kaa bwana, utavunjika!" Wifi yangu wa Nkuhungu ndiye kiboko yao. Alikuja na godoro jipya na agizo kwamba nijilaze mpaka mifupa irudi. Nawapenda wote, lakini huruma hii ikiendelea itanimaliza kabla ya ugonjwa wenyewe.

Nina miaka 51 na kazi yangu ni masijala, pale Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma. Mwaka 2024 niliteleza uani sakafu ikiwa na maji. Sikuanguka kutoka juu ya kitu. Nilikuwa nimesimama tu, nikatanguliza mkono, kifundo kikavunjika. Hospitali niliyokwenda kwanza wakapiga eksirei, wakanifunga hogo, wakanipa dawa za maumivu na tarehe ya kurudi. Hakuna aliyejiuliza mwanamke wa umri wangu anavunjikaje kwa anguko dogo namna ile. Hilo bado linanikera. Ni daktari mwingine, mdada mdogo tu, aliyeangalia picha ileile baadaye akauliza: "Mama, hedhi ilikoma lini?"

Ilikoma nikiwa na 43. Wakati ule mashangazi walinipongeza kwamba nimepumzika mapema. Kumbe mfupa hautulii: kuna chembe zinazobomoa sehemu zilizochoka na nyingine zinazojenga upya, na homoni ya estrojeni ndiyo inayowazuia hao wabomoaji. Hedhi ikikoma homoni inashuka, ubomoaji unauzidi ujenzi. Ikikoma kabla ya miaka 45, hasara inaanza mapema. Na haiumi. Unaenda kazini, unacheza kwaito kwenye harusi za watu, huku mfupa unapungua.

Eksirei ya kawaida haiuonyeshi upungufu huo mpaka uwe mkubwa. Kinachotakiwa ni kipimo cha msongamano wa mfupa, na mashine yake haipo kila hospitali. Mimi nilipanda treni ya mwendokasi nikaenda kupimiwa Dar es Salaam. Unalala chali, mkono wa mashine unapita juu yako, dakika chache umemaliza. Mfupa wako unalinganishwa na wa kijana mzima mwenye afya, tofauti inapewa alama: ikishuka mpaka -2.5 au chini ya hapo, hiyo ni osteoporosisi. Uti wa mgongo wangu ulisoma -2.8. Nyonga ilikuwa afadhali kidogo.

Njiani kurudi sikumfikiria mtu ila mama yangu, kule Mvumi. Alimaliza uzee wake amepinda mgongo, kila akijifunga kanga upande mmoja unaburuta chini. Ukoo mzima tulisema ni jembe. Inawezekana kweli ni jembe, hakuna aliyempima. Lakini sasa najua pingili za mgongo zinaweza kupondeka kidogo kidogo bila mtu kuanguka, akapungua kimo, akainama. Na najua ugonjwa huu hutembea kwenye familia.

Dawa ninameza mara moja kwa wiki, alendroneti ya miligramu 70, na ina masharti kuliko mganga wa jadi. Uamke hujala kitu, umeze na glasi nzima ya maji matupu, si chai, si maziwa. Halafu nusu saa nzima usile na usilale, ukae wima au utembee, maana ikibaki kooni inachoma umio. Nimechagua Jumamosi. Wageni wa asubuhi wananikuta nazunguka uani kama mlinzi wa zamu. Na ukitaka kung'oa jino, mwambie daktari wa meno kwanza kwamba unatumia dawa hii.

Kwenye chakula kila mtu ana digrii. Shangazi anashikilia supu ya makongoro, eti mfupa hujengwa na mfupa. Naipenda sana supu hiyo, ila kalsiamu inayotoka kwenye mfupa kuingia kwenye mchuzi ni kidogo mno. Mwanamke wa umri wangu anahitaji kama miligramu 1,200 kwa siku. Glasi ya maziwa inatoa karibu 300. Mimi napiga maziwa mgando, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na uji wa ulezi, ambao kwa kalsiamu mahindi hayauoni ndani.

Vitamini D ndiyo iliyonichekesha. Dodoma hii, jua linalokausha mlenda kwa siku moja, mimi nikakutwa nayo pungufu! Natoka nyumbani alfajiri, kutwa nzima nipo nyuma ya kioo, narudi giza linaingia. Jua likipita kwenye kioo haliitengenezi vitamini hiyo. Siku hizi chakula cha mchana nakula upesi, natoka nje kutembea nikiwa nimekunja mikono ya blauzi.

Sasa nirudi kwa wifi na godoro lake. Mfupa usiobebeshwa kitu unazidi kupungua. Hata wanaanga wakikaa angani miezi, bila uzito wa kubeba, mifupa yao hupungua. Daktari hakuniambia nilale. Aliniambia nitembee, nipande ngazi, nibebe vitu vya kiasi, nisiiname mgongo ukiwa na mzigo na nisiunyonge ghafla. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 kichwani nimeiaga. Siku ya mgao nachukua vidumu viwili vya lita 5, kimoja kila mkono, kutoka kwenye simtanki hadi jikoni. Kwanza nakunja magoti, nashuka mgongo ukiwa umenyooka, nakivuta kidumu karibu na mguu, ndipo napanda navyo. Nikivitua nasimama kidogo kwa mguu mmoja, mkono ukigusa ukuta, kufundisha mwili usiyumbe. Wajukuu wa jirani wanajua ni mchezo, wanasimama nami.

Fagio la chelewa nimelifunga kwenye mti mrefu. Mama mkwe alipoliona aliguna, lakini alipoondoka alitaka na lake. Beseni la kufulia liko juu ya meza. Kandambili zilizoisha soli nimetupa. Bodaboda kwenye zile barabara za mashimo hapana, napanda bajaji, na dereva namwambia mapema: taratibu, baba, nyuma hapa kuna mifupa ya serikali.

Krismasi tulipokutana Mvumi niliwaeleza dada na wadogo zangu habari ya mgongo wa mama. Dada mkubwa alisema uzee ni uzee, akageuza mazungumzo. Mdogo wangu yeye aliuliza kila kitu, naye hedhi yake imeshakoma. Anakwenda kupima mwezi ujao. Nimemwambia avae gauni lisilo na zipu wala vifungo vya chuma, na vidonge vya kalsiamu aviache siku moja kabla. Nauli ya treni tumegawana.